Saa Nane Mchana Juu ya Reli ya Igalula

Nyie vijana mnaopita mbele ya baraza langu saa nane mchana, mwezi wa kumi huu, na vile viatu vyenu vya rangi za kasuku, mnadhani siwaoni? Nawaona vizuri tu. Jana mlikuwa watano, na yule mnene wa nyuma alikuwa anakimbia huku midomo inachezacheza, nadhani alikuwa anaomba dua. Jirani yangu husonya kila mkipita. "Hivi hawa wana akili timamu kweli? Jua hili la kuanikia mihogo, wao wanaona ndilo la kukimbilia!" Hata binti yake huacha kufagia akasimama na ufagio mkononi, anawatazama. Mimi nacheka tu. Mke wangu akiniuliza nacheka nini, namwambia nawacheka wenzangu.

Maana kichaa wa kwanza wa kukimbia juani pale Igalula ni mimi hapa, Maganga, na nyayo za kuthibitisha ninazo. Njooni siku moja mzishike. Mjukuu wangu alizigonga na kijiko akaenda kumwambia mama yake kwamba babu ana miguu ya sufuria.

Nilifanya kazi ya reli tangu enzi za Mwingereza. Nilianza kibarua wa kufyeka nyasi, nikastaafu nyapara. Lakini kazi iliyoninogea kuliko zote ni kusukuma kiberenge. Sisemi vile vya injini vilivyokuja baadaye, ambavyo mtu unakaa kama bwana harusi, unavuta waya, kinakwenda. Kile cha kwetu kilikuwa ubao wenye magurudumu manne ya chuma. Juu ya ubao benchi, juu ya benchi mwavuli, chini ya mwavuli Mzungu. Injini ni sisi. Tunasukuma kwa nyuma wanaume wanne, wawili reli hii, wawili reli ile, peku, tunakimbia juu ya reli yenyewe. Sikilizeni vizuri: juu yake, siyo kando. Kando kuna kokoto na mataruma yanayobeba reli, ukikimbia pale unateguka kifundo kabla hujafika mbali. Reli upana wake ni vidole vinne basi, na hapo ndipo mguu unapokaa. Kikishika kasi tunarukia nyuma, tunavuta pumzi, kikipungua tunashuka tena.

Mkaguzi wetu tulimwita Bwana Kofia Mbili, kwa sababu alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, akiogopa jua lisimpenye fuvu. Kofia mbili na mwavuli! Na huyo huyo ndiye aliyechagua kukagua njia saa nane mchana. Msimcheke, hapo alikuwa na akili zake. Chuma kikipata joto kinarefuka, na kikikosa pa kurefukia kinapinda. Ukipita asubuhi kila reli imenyooka, unarudi nyumbani umeridhika, kumbe hujaona kitu. Ukitaka kujua njia itapinda wapi, nenda wakati hata mbwa wamejificha.

Sasa mwaka huo, mmoja wa wale wasukumaji wanne goti lilimshinda, akarudi kwao. Nafasi moja ikawa wazi. Kazi ya kudumu, sare, na chumba cha matofali kwenye kwata za reli. Nikasema hii ni yangu, lazima iwe yangu, maana pasipo hiyo nampoteza Nyanzala.

Nyanzala alikuwa binti wa Mzee Mihayo, mkulima wa tumbaku, Mmoraviani asiyekosa ibada, mtu wa maneno machache na yote makali. Nilikwenda kwake na mjomba wangu kupeleka posa. Nikapiga goti, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya kazi wapi?"

"Reli, baba."

"Reli ni ndefu. Unafanya nini huko reli?"

"Nafyeka nyasi."

Akamtazama mjomba, akanitazama mimi, akatazama zizi lake. "Nyasi hata mbuzi wangu wanafyeka," akasema, "na hawajaja kuoa."

Mjomba akakohoa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akaendelea bila haraka: kuna mtu wa Ziba, mfugaji, ana ng'ombe wa kutosha, ameleta maneno. Atamjibu mvua za kwanza zikinyesha. "Ukipata kazi ya kudumu kabla ya hapo, njoo tuzungumze. Usipopata, usije ukamchosha mbwa wangu kubweka."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Athumani. Huyu ndiye aliyekuwa nyapara wa kiberenge na mshika breki wake, mzaliwa wa Tabora mjini, mtu wa kanzu safi Ijumaa na utani siku zote. Baba yake alikuwa kiongozi wa misafara zamani hizo, akipita na wapagazi njia ile ile ambayo baadaye reli iliifuata. Nikamwambia nataka ile nafasi. Akanichunguza miguu kama mtu anayenunua punda.

"Sikiliza, bwana mdogo. Baba yangu alivuka Ugogo sijui mara ngapi. Wapagazi waliondoka alfajiri, na jua likiwa la utosi kila mtu yuko kivulini anapika. Hakuna mwenye akili aliyekimbia saa nane. Lakini Kofia Mbili anajaribu watu saa nane. Ukijizoeza asubuhi, utaijua reli ya asubuhi. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Hayo maneno yake yawekeni akilini, maana mimi niliyasahau siku niliyoyahitaji.

Basi nikaanza. Genge letu lilikuwa linaingia kazini alfajiri na kutoka saa saba, kwa hiyo saa nane wenzangu wote wamelala, mimi niko relini. Kutoka stesheni mpaka kalvati ni kipande cha kupanda, kurudi ni kuteremka. Siku ya kwanza nilifanya upumbavu wote unaowezekana kwa mpigo. Nilikula ugali wa mtama nikashiba, nikanywa kibuyu kizima cha maji nikasema nimejaza tangi, nikapanda reli. Lo! Kabla ya nguzo ya tatu ya simu reli mbili zikawa nne. Nikachagua moja, kumbe siyo ile ya kweli. Nilianguka puu! Ugali ukarudi wote. Mzee Athumani alinikuta nimelala chini ya kijiti nasema maneno ya Kinyamwezi ambayo hata bibi yangu asingeyaelewa.

Akanifundisha, na mimi nawafundisha nyie bure. Usikimbie na tumbo la ugali, kunywa uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Maji unakunywa mapema, kidogo kidogo, usingoje kiu. Weka majani mabichi ndani ya kofia. Usitazame miguu yako, tazama mbali, miguu itajua yenyewe. Kisigino kisiguse chuma. Na hili lishikeni sana: jasho likikauka ghafla na ukaanza kusikia baridi kwenye jua kali, kaa chini, ita mtu. Hiyo siyo baridi, hiyo ni hatari. Nilipokuwa nyapara kuna kijana alijifanya shujaa tukampeleka hospitali Kitete kwa machela. Alipona, akawa kinyozi.

Igalula yote ikapata cha kusema. Mara nimerogwa, mara natumikia adhabu, mara nimeapa kanisani. Bibi mmoja alinisimamisha, akanisalimu Kinyamwezi, "Mwadila, mwanangu. Nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna. Akageuka nyuma kuhakikisha.

Na kila siku, saa ile ile, Nyanzala alikuwa anavuka reli na mtungi wa maji kichwani, anatoka kisimani. Nilimhurumia sana. Nikamchukia na Mzee Mihayo moyoni, mtu gani anamtuma binti yake maji saa nane, wanawake wenzake wote wamechota asubuhi? Alikuwa anasimama kidogo, ananitazama nikipepesuka, anacheka bila huruma.

"We Maganga, leo umeanguka mara ngapi?"

"Mbili tu."

"Jana tatu. Utaoa mwakani." Kisha anatua mtungi, ananipa maji kwenye kata. "Kunywa, kichaa wee. Taratibu!"

Mnaniuliza kwa nini mtu afanye mazoezi kwenye jua la namna ile. Kwanza nilikimbilia kazi, na kazi ilikuwa ya kumpata Nyanzala, hilo halina ubishi. Lakini baada ya wiki mbili jambo lingine likaniingia. Siku hiyo nilifika kalvati bila kuanguka, nikageuka, nikarudi, na miguu ikawa inakwenda yenyewe tu. Mbuzi wamelala, mbwa wamelala, stesheni masta anakoroma dirishani na kofia usoni. Hakuna wa kunituma, hakuna wa kuniita kibarua. Igalula yote ilikuwa yangu peke yangu! Nilianza kucheka. Nilicheka nikikimbia, jasho linaingia kinywani, furaha imenijaa mpaka nikapiga kelele, stesheni masta akaamka akatoa bendera nyekundu. Nadhani hata nyie mnaijua furaha hiyo. Anayetaka kuieleza vizuri zaidi na ajaribu.

Siku tatu kabla ya majaribio, malengelenge. Nyayo zote mbili. Nilitaka kulia, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo. Mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Unyanyembe, mtu wa Ziba bila shaka alikuwa anachagua ng'ombe. Ndipo nikapata akili, au nilidhani ni akili. Mjomba wangu alikuwa mrina asali. Na sisi watu wa huku nta kwetu ni dawa ya kila kitu. Mtungi ukivuja, nta. Uzi ukikatika, nta. Ngoma ikikataa kulia, nta. Kwa nini nyayo zisipate nta?

Nikaiyeyusha, nikapaka matabaka matatu, nikaiacha ikauke. Asubuhi nikapanda reli. Jamani! Nilikuwa nimevaa viatu visivyoonekana. Haitelezi, haiumi. Nilitembea siku hiyo nikipiga mluzi. Nilijaribu asubuhi, mnasikia? Asubuhi!

Siku ya majaribio Bwana Kofia Mbili akapanda, akakaa chini ya mwavuli. Mzee Athumani kwenye breki. Sisi wanne nyuma. Na roho nzuri ikaniponza, maana nilikuwa nimemgawia nta na mwenzangu wa reli ya pili. Saa nane kamili tukaondoka. Nguzo ya kwanza, raha tupu. Ya pili, nasikia majimaji chini ya mguu. Ya tatu, nasikia harufu ya asali. Nikamtazama mwenzangu, macho yamemtoka. Nta yote ilikuwa inayeyuka, tunaiacha kwenye reli, yeye reli yake na mimi yangu, tumejishikilia kwenye kiberenge kwa mikono huku miguu inateleza. Tulipofika kalvati nyayo zilikuwa uchi. Bwana Kofia Mbili akaandika kitu kwenye daftari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kurudi ni kuteremka. Wote tukarukia nyuma. Tulikuwa tumepangiwa njia ya pembeni ya stesheni, na mwisho wa njia ile lilisimama behewa la karanga. Mzee Athumani akavuta breki mapema, kama kawaida yake. Magurudumu yakakubali kusimama. Kiberenge hakikukubali. Kikateleza juu ya nta yangu, ambayo magurudumu yalikuwa yameizoa njia nzima, taratibu, kwa heshima, kikampita stesheni masta aliyekuwa amesimama anatoa saluti.

"Athumani, simama!" Bwana akapiga kelele.

"Nimesimama, Bwana! Hiki ndicho hakisimami!"

Pale mimi na mwenzangu peke yetu ndio tuliojua kwa nini. Nikakumbuka Mzee Athumani aliwahi kuniambia treni likiteleza dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu. Nikaruka. Nilikimbia kando, kwenye mchanga wa moto, nikikimbizana na kiberenge chenye Mzungu ndani. Nikakipata, nikakipita. Mwezi mzima wa saa nane uliingia miguuni siku ile. Na mbele yangu, nani? Nyanzala, na mtungi wake, amesimama kando ya njia.

"Mchanga!" nikamwambia. "Mwaga mchanga juu ya reli!"

Hakuuliza swali. Alitua mtungi, akachota kwa mikono miwili, yeye reli ya kushoto mimi ya kulia, tunamwaga tunarudi nyuma, tunamwaga tunarudi nyuma. Magurudumu yakafika kwenye mchanga, yakasaga meno, kiberenge kikashtuka, kikasimama hatua tatu kutoka kwenye behewa. Kofia ya juu ikaruka, ikaenda kugonga behewa kwa niaba yetu. Kwa dakika hiyo akawa Bwana Kofia Moja.

Akashuka. Akainama, akagusa gurudumu, akanusa kidole. "Hii nini? Nani nafanya hii?"

Mzee Athumani alikuwa amekwishaona nyayo zangu, lakini alitazama angani. Mwenzangu alitazama chini. Nilimwona Nyanzala ameshika mdomo. Nikajua nikinyamaza atafukuzwa mzee wa watu, kwa sababu mwenye breki ndiye yeye. Nikasema, "Ni mimi, Bwana. Ni nta. Nilipaka miguuni."

"Kwa nini?"

"Reli inaunguza, Bwana."

"Unguza?" Miaka yote ile alikuwa amekaa juu ya reli hiyo hiyo hajui! Akaketi kwenye ubao, akavua buti, akavua soksi. Miguu ilikuwa myeupe, haijawahi kuonana na jua tangu izaliwe. Akapanda reli kwa mguu mmoja. Wanangu, sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Alitoa sauti nyembamba, akadondokea mchangani, na mchanga nao ulikuwa wa moto, akaruka tena mpaka kwenye ubao. Stesheni masta alijifanya anakohoa akakimbilia ofisini. Mzee Athumani alibana pumzi mpaka machozi yakamtoka.

Bwana akawa anapuliza mguu. Halafu naye akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ya pili ikaanguka. Akaninyooshea kidole. "Huyu mtu jinga sana. Lakini mbio mzuri. Andika yeye." Tena tangu siku hiyo tulipofika kalvati alikuwa anasema tusimame tunywe maji. Nta ilipigwa marufuku, na kiberenge tulikisugua mimi na mwenzangu siku mbili.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Nikaenda kwa Mzee Mihayo na sare yangu mpya, nikamkuta amekaa, sura imemwiva. Vitalu vyake vya tumbaku vimeoza, miche yote imelala. "Mbegu mbovu hizi!" akasema. "Miaka yote nalima, sijaona kitu hiki." Nikamwunga mkono, nikazilaani mbegu zile kwa nguvu kuliko yeye. Nikavua sare, nikalima naye vitalu vipya siku mbili. Nadhani hicho ndicho kilichomlainisha kuliko hata kazi. Mtu wa Ziba akapewa majibu yake, nasi tukaoana.

Sasa wiki iliyopita nyie wenyewe mlisimama hapa kuomba maji, mkaniuliza, nikawaambia kwa kujivuna kwamba mimi nilikimbia juani kwa ajili ya mke wangu. Mlipoondoka Nyanzala akatoka ndani na ungo wa mchele.

"Kwani ulikimbia peke yako?"

"Na nani tena?"

"Maji ya nyumbani nilikuwa nachota alfajiri, Maganga. Baba hakunituma kisimani saa nane hata siku moja. Nilikuwa najiokotea mtungi nakuja kukuona."

Nikacheka. Kisha nikawaza. "Na hayo maji ulikuwa unapeleka wapi?"

"Ningerudi nayo nyumbani niseme nini? Nilikuwa namwagia vitalu vya tumbaku."

"Kila siku?"

"Mwezi mzima. Siku nyingine mara mbili, ukiwa umeanguka sana."

Nikakumbuka miche iliyolala. Nikakumbuka siku mbili za jembe, na mbegu nilizozilaani hazina kosa. Mzee Mihayo amekwishazikwa zamani, lakini wallahi niligeuka kutazama kama hajasikia. Nyanzala alicheka mpaka mchele ukamwagika, nami nikacheka nikashikilia ukuta, wazee wawili, jirani akatoka kuuliza kuna msiba au harusi.

Kwa hiyo kesho piteni tu. Maji nitaweka barazani, na chumvi kidogo. Na wewe mnene wa nyuma, nakuomba usiache kukimbia. Yule binti wa jirani amefagia uwanja wao saa nane mchana siku tano mfululizo, na uwanja ule hauna hata jani moja.